Paka wangu anakula nyama ya soya. Je, simba naye angeweza?

#1 MamaPendo58 (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Nyumbani kwetu hapa Section 58 nyama haijaingia jikoni tangu Septemba mwaka jana. Mzee wangu alishauriwa na daktari aiache, nasi tukaona tuiache wote. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu: ndengu, maharagwe, mayai mara mojamoja, na zaidi ya yote ile nyama ya soya ya pakiti. Unailoweka, unaikamua, unaikaanga na nyanya na dania.

Tuna paka dume wa miaka mitatu, Pilipili. Tunakaa ghorofa ya tatu, hatoki nje. Tangu Septemba anakula tunachokula: soya na mchuzi wake, ugali kidogo, maziwa. Sahani anaimaliza.

Jumapili tulienda mbugani Ziwa Nakuru tukawakuta simba wamejilaza juu ya mti. Kijana wangu akaniuliza, "Mama, kama Pilipili anaweza kula soya, mbona simba wasipewe soya waache kuua pundamilia?" Nikakosa la kumjibu. Mimi naamini mwili hautambui nyama, unatambua protini. Ikiwa soya ina protini nyingi, mla nyama atakosa nini? Nisaidieni, nimemwahidi jibu.

#2 Wuod_Nam
Soya kwa simba! Basi mkaangie na chapati kabisa. Mama Pendo, paka ni mla nyama. Mpe omena.

#3 MkulimaNjoro
Mimi sioni shida. Kwetu Njoro paka wamekula ugali na maziwa tangu enzi za babu. Tuliyenaye sasa ana miaka kumi na minne, hajawahi kununuliwa hata kipande cha nyama, na manyoya yake yanang'aa. Watu wa mjini mnawadekeza wanyama halafu mnashangaa wakiugua.

#4 PakaWanne_Kisumu
Mama Pendo, tafadhali soma hili kabla hujalala.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na paka jike, mweupe, wa ndani kama wako. Niliishi Nyalenda, mshahara ulikuwa mdogo, nikawa namlisha ugali, mchuzi wa maharagwe na maziwa. Alikula, akanenepa hata. Baada ya mwaka na kitu nikaona anaruka juu ya kiti na kukikosa. Nikadhani anacheza. Kisha akaanza kutembea akiambaa ukutani. Usiku macho yake yaliwaka kama taa na mboni zilikuwa wazi kabisa, hata nikimulika tochi hazikuwa zikijifunga vizuri. Nilipompeleka kwa daktari wa wanyama, jambo la kwanza aliloniuliza ni anakula nini. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema sehemu ya nyuma ya jicho imeshakufa na haitarudi.

Niliishi naye kipofu miaka minne. Alijua nyumba yote kwa masharubu yake. Nilimlisha vichwa vya samaki na maini mpaka siku ya mwisho, lakini macho hayakurudi. Hadi leo nikisikia mtu anasema "anakula vizuri" moyo unanishtuka. Wangu naye alikuwa anakula vizuri.

#5 Daktari_wa_Ngombe
Pole sana PakaWanne. Ulichokiona kinaitwa kuharibika kwa retina kwa kukosa taurini. Mimi natibu ng'ombe zaidi, ila hili tulifundishwa sote.

Mama Pendo, hesabu yako ya protini ndiyo yenye tatizo. Mwaka 1975 watafiti Marekani walionyesha kwamba paka waliolishwa chakula chenye protini ya kutosha kutoka kwenye maziwa, ile kaseini, waliharibika macho. Protini ilikuwepo. Iliyokosekana ni taurini, ambayo mwili wa mtu unaitengeneza wenyewe, lakini mwili wa paka unatengeneza kidogo mno huku ukiitumia kila siku kwenye nyongo. Taurini iko kwenye nyama, hasa moyo, na kwenye samaki. Kwenye soya, maharagwe na mahindi ni kama hakuna.

Na si hiyo peke yake. Mtu akila karoti au sukuma wiki, mwili wake unaigeuza ile rangi ya chungwa iliyomo kuwa vitamini A. Paka hawezi, anahitaji vitamini A iliyo tayari, kama ile ya kwenye maini. Kuna mafuta yanayoitwa asidi arakidoni, nayo lazima ayapate kwa mnyama. Niasini nayo hawezi kujitengenezea ya kutosha, lazima aipate kwenye chakula. Na arginini, ambayo kwa bahati nzuri soya inayo, akiikosa kwa mlo mmoja tu amonia inampanda kwenye damu ndani ya saa chache, akaanza kutapika na kutetemeka.

Kwa hiyo mwili hautambui "nyama", hapo umesema kweli. Lakini hautambui "protini" pia. Unatambua kitu kimojakimoja.

#6 MamaPendo58
Daktari, nimesoma mara mbili mikono ikitetemeka. PakaWanne, asante na pole. Kesho asubuhi natafuta samaki, hata kama jikoni kwetu hawapikwi.

Ila swali bado lipo: ikiwa ni kitu kimojakimoja, hivyo vitu haviwezi kutiwa kwenye soya?

#7 MkulimaNjoro
Daktari, nakuheshimu. Lakini wangu wa miaka kumi na minne haoni? Jana tu kakamata panya ghalani.

#8 BintiWaSabatia
@MkulimaNjoro #7 umejijibu mwenyewe kaka. Kakamata panya. Huyo hajawahi kuishi kwa ugali hata siku moja. Ugali ni kiburudisho, chakula kiko ghalani kwako. Panya, panzi, mjusi, ndege, na kumbikumbi msimu wa mvua. Panya mmoja ana moyo, ini, mifupa na taurini yake. Pilipili yuko ghorofa ya tatu, atamtoa wapi?

#9 MkulimaNjoro
Haya, hapo kwenye panya umenipata. Lakini ndama wakinyonya, mama yangu humwekea paka maziwa, na anayanywa yote. Nayo hayahesabiwi?

#10 Mwalimu_wa_Bayo (Kakamega)
Mnajadili virutubisho tu, mmesahau mashine yenyewe. Angalieni utumbo. Wa kondoo ni mrefu zaidi ya mara ishirini ya mwili wake. Wa paka ni kama mara nne tu. Meno ya paka hayana sehemu ya kusagia, ni mikasi. Taya haliendi kushoto na kulia. Mate yake hayana amilasi ya kuanza kuvunja wanga. Hata ulimi: mwaka 2005 iligundulika kuwa jeni la kuonja utamu kwa paka limeharibika, hajui sukari ni nini. Na ini lake halina breki: mtu akikosa protini mwili unabana matumizi, paka anaendelea kuiunguza protini hata akifa njaa. Mnyama wa namna hii ukimpa soya unampa kazi ambayo mashine yake haikuundiwa. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: umbo linafuata chakula.

#11 Mchambuzi_Milimani
Mwalimu #10, na panda? Ni mla nyama kwa ukoo, dubu kamili, utumbo wake mfupi wa kidubu, na anakula mianzi kuanzia kilo 12 kwa siku. Umbo halikufuata chakula hapo.

Mimi naona jibu la Mama Pendo liko mwaka 1987. Kabla ya hapo paka wengi walikuwa wakifa kwa moyo kupanuka, na walikuwa wakila chakula cha dukani chenye nyama na samaki ndani yake. Watafiti wa chuo cha Davis, California, wakagundua kuwa taurini ilikuwa haitoshi hata humo. Viwanda vikaiongeza, ugonjwa ukapungua sana. Na taurini yenyewe inayoongezwa haitoki kwenye ng'ombe. Inatengenezwa kiwandani kwa kemikali. Maana yake paka wengi duniani wanaokula chakula cha pakiti wanaishi tayari kwa kibadala, angalau sehemu. Kinachobaki ni kiasi tu.

#12 Mwalimu_wa_Bayo
Panda anashinda akila kutwa nzima, na sehemu kubwa ya mianzi inapita bila kumeng'enywa. Kuishi ni kuishi, lakini simba hana muda huo. Simba analala.

#13 Wuod_Nam
Simba analala kwa sababu amekula nyama. Mpe soya uone kama utalala wewe.

#14 Boma_Bungoma
Na mbwa je? Nina mbwa wawili wa ulinzi, chakula chao ni ugali uliosongwa na matumbo, tena siku nyingine matumbo hayapo. Wana nguvu.

#15 Daktari_wa_Ngombe
Mbwa ni habari nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walilinganisha mbwa na mbwa mwitu wakakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la kuvunja wanga. Amekaa jikoni kwa mtu maelfu ya miaka, akajifunza ugali. Taurini anaitengeneza mwenyewe, na karoti anaigeuza kuwa vitamini A. Chakula cha mimea kikipangwa vizuri, mbwa anaweza.

Lakini "kikipangwa vizuri" isomwe polepole. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mbwa waliopanuka moyo, wengi wao wakila vyakula visivyo na nafaka vilivyojaa njegere na dengu. Sababu bado inabishaniwa. @Boma_Bungoma, matumbo usiyaache, na ongeza mifupa laini au dagaa. Ugali mtupu ni tumbo kujaa tu.

#16 Gendia_Mzee
Wanangu, nimewasoma. Mimi ni wa Kendu Bay, pale misheni ya Gendia ilipoanza mwaka 1906, na kula mboga nimekuzwa nako. Mwanzo sura ya kwanza inasema wanyama wote walipewa majani kuwa chakula. Isaya sura ya 11 inasema simba atakula majani kama ng'ombe. Kwa hiyo mtoto wa Mama Pendo hakuuliza upuuzi. Ameuliza jambo ambalo manabii waliliona.

Tena lilishatokea. Kule jimbo la Washington, Marekani, palikuwa na simba jike akiitwa Little Tyke, aliyezaliwa 1946. Waliomlea walisema alikataa nyama kabisa tangu utotoni. Aliishi kwa nafaka zilizopikwa, akalala pamoja na kondoo.

#17 BintiWaSabatia
Shikamoo mzee. Kwa heshima naongeza kitu: Little Tyke alipewa pia maziwa na mayai, mengi. Hayo yametoka kwa mnyama. Alikufa 1955, akiwa na miaka tisa hivi, na simba wa kufugwa huweza kufika ishirini. Sisemi ni chakula kilichomuua, inasemekana ni kichomi. Nasema tu hakuishi kwa majani.

Na sisi tuna wetu hapa Kenya. Kamunyak wa Samburu, mwaka 2002, alimchukua ndama wa choroa akatembea naye kama mwanawe badala ya kumla. Dunia nzima ilikuja kumtazama. Watu wakasema simba ameokoka. Lakini hakula majani. Alikuwa akikonda, kwa sababu hakutaka kumwacha ndama akaenda kuwinda. Mwishowe simba dume alikuja akamla yule ndama. Upendo alikuwa nao, tumbo likabaki lilelile.

#18 Gendia_Mzee
Marahaba binti. Hilo la Kamunyak nalikumbuka, na lilinitoa machozi. Lakini Isaya alikuwa anasema habari za dunia mpya, si ya Samburu. Huko tumbo nalo litakuwa jipya.

#19 Kizimba_Dunga
Mbona wote mnazungumzia paka? Wala nyama wakubwa wa nchi hii wako majini. Mbuta (sangara) anakula samaki wenzake.

Mimi nafuga ngege (tilapia) kwenye vizimba, na bei ya chakula inaniumiza, kwa hiyo nimefuatilia hili. Norwe wanafuga samoni, samaki mla nyama haswa. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chake ilikuwa unga na mafuta ya samaki. Kufikia 2013 ilikuwa kama asilimia 30. Nyingine yote ni soya, ngano, mafuta ya mimea, pamoja na asidi amino za kuongeza. Na samoni wanakua, wanauzwa dunia nzima. Huyo si mla nyama anayeishi kwa kibadala? Anayesema haiwezekani aende akawaambie wanaouza samaki hao.

#20 Daktari_wa_Ngombe
Mfano mzuri. Ila angalia hiyo asilimia 30 iliyobaki. Wameipunguza hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka ishirini, wataalamu wakipima kila kitu, na samoni anachinjwa akiwa na miaka miwili mitatu. Pilipili tunataka afike kumi na tano.

#21 Funza_Mbita
Mmezunguka mkapita mlangoni kwetu. Hapa Mbita iko kampasi ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wengi tumejifunza kufuga funza wa BSF, yaani inzi aitwaye black soldier fly. Unawapa taka za soko, maganda ya ndizi, matumbo ya samaki. Ukiwakausha, protini ni karibu asilimia 40. Ulaya waliruhusu unga wa wadudu kwenye chakula cha samaki tangu 2017. Kuku wangu wanawapigania.

Hiki si kibadala cha mimea, ni mnyama, lakini hakuna ng'ombe aliyechinjwa. Kuna fisi mdogo, yule aitwaye aardwolf kwa Kiingereza, anayeishi karibu kwa mchwa tu, laki mbili na zaidi kwa usiku mmoja. Ni ndugu wa fisi mla mizoga kabisa. Kwa paka utahitaji bado kuongeza taurini, lakini uko karibu zaidi kuliko soya.

#22 Wuod_Nam
Mama Pendo hali nyama, sasa mnamletea funza jikoni. Muoneeni huruma.

#23 Mlinzi_Mstaafu
Nilifanya kazi ya kulisha simba wa vizimbani kwa miaka mingi, mahali sitapataja. Watu wa Kisumu mnaowaona simba pale Hifadhi ya Impala mnaona tu wakirushiwa mnofu, mnafikiri kazi imeisha.

Kwanza nilikokuwa tuliletewa nyama nzuri, mnofu mtupu bila mfupa. Watoto wa simba wakaanza kupinda miguu, mmoja akavunjika akiruka kutoka kwenye gogo lisilofika kiunoni. Mnofu hauna chokaa. Simba wa mbugani anaanza na tumbo la mzoga, ini, mapafu, anatafuna mbavu, anakula na ngozi. Tulipoanza kuwapa kuku wazima na maini na mifupa, miguu ikanyooka kwa wale waliokuwa bado wadogo. Wakubwa walibaki hivyohivyo.

Kwa hiyo nikisikia "nyama ndiyo chakula cha simba", mimi husema hapana, chakula cha simba ni mnyama. Ukileta kibadala, unataka kubadilisha nini? Mnofu, au mnyama mzima na kiu ya kumkimbiza? Simba aliyeshiba kizimbani bado anatembea kwenye wavu, huku na huku, njia ileile mpaka nyasi zinaisha. Hilo hakuna pakiti inayolitibu.

#24 Mwalimu_wa_Bayo
Mlinzi, nitaomba ruhusa kuisoma hii darasani.

#25 Mchambuzi_Milimani
Kuna njia ya tatu ambayo hatujaigusa: nyama yenyewe bila mnyama. Mwaka 2013 baga ya mtafiti Mholanzi Mark Post, ya nyama iliyokuzwa maabara kutoka kwenye seli za ng'ombe, ilipikwa mbele ya watu London. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo kuuzwa 2020. Na mwaka 2024 Uingereza iliruhusu itumike kwenye chakula cha wanyama wa nyumbani. Yaani Pilipili wa kule anaweza kuipata kabla ya binadamu wa kule.

Na kuhusu paka wa mimea tupu: mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa wenye paka 1,369, na waliolisha vyakula vya mimea walisema paka wao hawakuwa na afya mbaya kuliko wengine. Hivyo ni vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya paka, vyenye taurini, si soya ya pakiti ya kibandani.

#26 PakaWanne_Kisumu
#25 walisema wenye paka, sio? Hawakupima macho wala damu. Ungeniuliza mimi mwezi wa kumi na moja wa kumlisha ugali, kabla hajakikosa kile kiti, ningejaza "afya njema kabisa" bila kusita.

#27 Mchambuzi_Milimani
Ni kweli, ni maelezo ya wenyewe. Hilo nalikubali. Lakini halithibitishi upande wako pia.

#28 MamaPendo58
Nimerudi, samahani kwa kukawia. Jumatano nilimpeleka Pilipili kwa daktari wa wanyama. Macho bado mazima, nilishukuru Mungu nikiwa palepale kwenye benchi. Moyo ulisikika sawa. Ila mkojo umekutwa na chembechembe za fuwele, na daktari anasema dume akizibwa njia ya mkojo ni dharura, anaweza kufa kwa siku mbili tatu. Alisema chakula cha mimea huufanya mkojo upungue ukali, hapo fuwele zinaota. Mume wangu anasema ni kwa sababu paka hanywi maji. Daktari alisema huenda ni yote mawili.

Sasa anakula vichwa vya ngege vilivyochemshwa, nimeondoa miiba, na maini ya kuku kidogo mara moja kwa wiki. Nanunua kwa mama wa samaki pale sokoni, sufuria yake ni tofauti na zetu. Mzee wangu alinung'unika siku ya kwanza kwa harufu. Kijana nilimweleza habari za simba waliopinda miguu, akaniuliza kama soya ikitiwa taurini na mifupa na maini yote, bado itaitwa soya? Mwenye jibu anisaidie tena.

#29 Daktari_wa_Ngombe
Yale maji uliyochemshia samaki usiyamwage, mama. Taurini huyeyukia humo. Yapoze, mpe na mchuzi wake, ndipo atakunywa maji pia bila kujua. Na samaki wasiwe kila siku, changanya na kuku.

#30 MkulimaNjoro
Mama Pendo, nina panya wa kutosha ghalani, nikuletee?

#31 Kizimba_Dunga
@Funza_Mbita gunia la hao funza wakavu unauza vipi, na unafikisha Dunga?